Mlango Uliofunguliwa na Marehemu

Mama Bi Harusi, kama walivyomwita tangu binti yake achumbiwe, aliuminya mto, akaugeuza, akauminya tena, kisha akakaa kwenye kitanda cha baba mkwe wake. Ndani ya mto ule marehemu mama mkwe wake alikuwa ameshonea bangili za dhahabu alizorithi kwa mama yake. Jana yake tu, Jumatatu jioni, zilikuwemo. Alizipapasa kwa mkono wake mwenyewe. Sasa palikuwa na pamba tupu. Na mto haukuchanwa. Mshono ulikuwa umefungwa vizuri, mdogo mdogo, kama mto uliotoka dukani.

Ilikuwa Jumanne, giza likianza kuingia. Mumewe, ambaye mtaani wanamwita Mhasibu kwa kuwa ndiyo kazi yake na ndiyo tabia yake, hakuchungulia chini ya kitanda wala hakwenda dirishani. Alitoa simu. Nyumba ile ilikuwa ya kisasa: kitasa cha mlango wa mbele kilifunguliwa kwa simu, taa zilitii simu, kamera ya sebuleni iligeuka huku na huku kwa simu. Ilibakia sufuria tu. Kamera hazikutunza picha, lakini kila mlango ulipofunguliwa kutoka nje, simu ilitunza jina la aliyefungua. Mhasibu alisoma ya siku ile, akarudia, kisha akampa mkewe simu.

Saa nne na dakika tano asubuhi, mlango ulifunguliwa na Mama.

Mama alikuwa amezikwa mwaka uliopita.

Konstebo aliyeitwa hakuamini mambo ya mizimu, na hilo ni jambo jema kwa polisi. Ubaya wake ni kwamba mengine yote aliyaamini haraka. Alipekua chumba cha msaidizi wa nyumbani, binti ambaye wote walimwita Dada, akakuta sindano na uzi mweupe. Uzi wa mto nao ulikuwa mweupe. Nani mwingine alishinda ndani? Nani angeweza kuichukua simu ya marehemu kwenye droo na kuirudisha? Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Usiku ule Dada alilala mahabusu, na familia ikajiona imepona ugonjwa kabla ya kujua unaitwaje.

Faili lilimfikia Sajini Alhamisi asubuhi. Alikuwa mama wa makamo aliyekaribia kustaafu, mpole wa sauti, na pale kituoni walimtania kwamba akimhoji mtu, mtu huyo huomba chai kabla ya kukiri. Alianza na Dada, kwa sababu aliyefungiwa ndiye mwenye haraka.

"Mlango wa nyumba ile unaufungua vipi?" alimuuliza.

"Siufungui, afande. Simu yangu haimo kwenye orodha ya mlango."

"Miaka mingapi uko pale?"

"Mitatu. Bosi alisema wafanyakazi huja na kuondoka. Nikitoka, natoka tu. Kwa ndani haudai kitu. Nikirudi nabonyeza kengele, inalia kwenye simu yake ofisini, ananitazama kwenye kamera ya mlangoni, ananifungulia. Akiwa kwenye kikao nasubiri."

"Hata mvua ikinyesha?"

Dada alijikunyata kwenye kanga yake, na Sajini akalichukua kama jibu.

"Jumanne ulikwenda wapi?"

"Dukani kununua dawa ya Mzee, baba yake bosi. Nilitoka saa tatu na nusu. Nilirudi kama saa tano hivi, bosi akanifungulia."

"Ulipoingia, kuna chochote kilichokushangaza?"

Binti alisita. "Mzee alikuwa amefunikwa shuka miguuni. Mimi sikumfunika. Na pazia lilikuwa limevutwa, jua lisimpige. Nikajua kajikaza akanyanyuka mwenyewe, nikafurahi."

"Mengine? Hata ya siku nyingine."

"Utanicheka, afande. Bosi alicheka."

"Mimi nikicheka utaniona. Sema."

"Ile kamera ya sebuleni inageuka yenyewe. Nikimlisha Mzee, inageuka kumtazama. Akimaliza, inarudi. Na taa iliyo karibu na kiti chake, jioni inawaka kabla hatujaikumbuka. Mzee husema mke wake ndiye anayemwashia. Nilipomwambia bosi, akasema nimekuja mjini na mambo ya kijijini." Akajifuta uso kwa mkono. "Afande, jina langu likishaandikwa mwizi, nitaajiriwa na nani? Na Mzee nani anamlisha? Hakubali kulishwa na mtu asiyemzoea."

Sajini alimpa kikombe chake cha chai, akaondoka.

Nyumbani kwa Mhasibu alianza na mto. Alichomoa kipande cha uzi, akakisugua kati ya vidole. Uliteleza kidogo. Akauchukua na ule wa chumbani kwa Dada, uliokuwa kwenye bahasha ya ushahidi, akausugua nao. Huo ulikuwa mkavu.

"Mwizi aliingia saa nne na dakika tano," alisema. "Simu inaonyesha mlango ulifunguliwa kwa ndani, bila jina, saa nne na nusu, akatoka. Hapa kitandani, huyo mwizi alikuwa anashona. Umewahi kusikia mwizi anayeacha kazi nadhifu?"

"Alitaka tusigundue," alisema Mhasibu.

"Labda. Au alishindwa kuacha mto wa watu umechanika." Sajini akafungua droo. Simu ya marehemu ilikuwa mle, betri imevimba hadi kioo kikabenuka. "Na hii ndiyo simu ambayo Dada alifungulia mlango? Hii haiwezi kufungua hata macho yake yenyewe."

Mhasibu hakucheka. Mama Bi Harusi alijitetea kwamba wao si wataalamu, fundi ndiye aliyefunga vitu vyote, na kama kuna wa kuulizwa ni yeye. Neno likawa hilo: fundi. Alijua kila waya, alijua kila nenosiri, na vijana wa siku hizi, alisema mama yule, usiwaamini hata wakikuamkia.

Kabla ya kumwita fundi, Sajini alikwenda sebuleni, akavuta kigoda akakaa karibu na Mzee. Mzee alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu; upande mmoja wa mwili ulilegea tangu alipopata kiharusi, na macho yalififia. Bakuli la uji lilikuwa pembeni, limeganda. Tangu Jumanne hakuna aliyemwuliza lolote. Walizungumza juu ya kichwa chake kama vile ni kabati.

"Shikamoo, Mwalimu. Jumanne asubuhi nani alikuja?"

"Mke wangu," alisema Mzee taratibu. "Alinifunika. Akavuta pazia."

"Alisema nini?"

"Hakusema. Alilia."

Mhasibu aligeukia ukuta. "Afande, baba kila siku humwona mama. Tumeshazoea."

"Ndiyo ubaya wa kuzoea," alisema Sajini.

Fundi alifika mchana na mkoba wa vyuma. Alikuwa na hasira ya mtu aliyesikia ametajwa. Jumanne saa nne, alisema, alikuwa juu ya ngazi kwenye shule moja akivuta nyaya, mwalimu mkuu na darasa zima wakimtazama. Sajini alipiga simu shuleni papo hapo, akathibitishiwa. Basi fundi akapoa, akaanza kuonyesha. Aligeuza kile kisanduku cha intaneti. Chini yake palikuwa na karatasi ya kiwandani yenye nenosiri, ile ile ya siku kilipotoka dukani.

"Hili nilisema libadilishwe," alisema. "Kila mgeni aliyepewa waifai humu analo. Kamera nayo iko kwenye mtandao huo huo, pamoja na taa na kitasa. Mimi nilishauri vitenganishwe. Lakini hebu tazama hapa." Akaelekeza kwenye simu ya Mhasibu. "Akaunti ya Mama iko kwenye simu mbili. Moja imezimika mwaka mzima, ndiyo ile ya kwenye droo. Ya pili imetumika leo asubuhi. Haisemi ni ya nani. Inasema tu kwamba ipo."

Mama Bi Harusi aliitazama kamera pale juu ya kabati, akajifunga vizuri kitenge chake. Ghafla alikumbuka kila alichowahi kukisema sebuleni.

"Bosi, nilikwambia baada ya msiba umfute Mama," fundi aliendelea, safari hii kwa upole.

"Nilijaribu," alisema Mhasibu. Sauti yake ilishuka. "Nilibonyeza, simu ikaniuliza kama nina uhakika. Sikuwa na uhakika. Nikasema nitafanya kesho."

Hakuna aliyemlaumu kwa hilo. Hata Sajini, ambaye kazi yake ni kulaumu, alitazama chini.

"Mama alipougua, nani alimtunza?" aliuliza.

"Mama Mdogo. Mdogo wake wa damu. Alikuwa anakuja kila asubuhi sisi tukiwa kazini."

"Nani alimfungulia mlango?"

"Sijui. Mama mwenyewe, nadhani."

"Mgonjwa wa kitandani?"

"Tangu arobaini hatujaonana naye," aliingilia Mama Bi Harusi. "Wala kupigiana simu. Alitaka kuamua kila kitu humu ndani. Mzee ale nini, nguo za marehemu apewe nani. Nikamwambia, Mama Mdogo, ahsante, sasa tuachie wenyewe." Kisha akaongeza, "Labda nililisema vibaya."

Mama Mdogo alikuwa na kibanda cha ushonaji mtaa wa pili, mwendo mfupi kwa miguu. Sajini alimkuta ameinama juu ya gauni jeupe akilipiga pindo kwa mkono. Alikuwa mwembamba, mwenye uso mpole uliochoka. Kando ya mkasi palikuwa na kipande cha nta kilichochimbika mistari, na kabla ya kutunga uzi aliupitisha hapo mara moja, bila kuangalia, kama mtu anayelamba mdomo.

"Nimetoka kwa shemeji yako," alisema Sajini baada ya salamu. "Bangili za marehemu dada yako zimepotea."

Sindano ilisimama. "Zimepotea," alirudia Mama Mdogo. "Makubwa hayo. Na Mzee, nani anamlisha sasa?"

"Wanajitahidi."

"Hajui kumeza haraka. Waambie wamsubiri."

"Nitawaambia. Kwenu mlikuwa wangapi?"

"Wawili tu. Mimi na yeye. Watu walitudhania mapacha." Akaendelea kushona. "Mkubwa akiondoka, mdogo anabaki kuwa mgeni kila mahali."

Sajini aliaga. Angeweza kumkamata pale pale, na kwa miaka ya nyuma angefanya hivyo, lakini kuna watu ambao ukiwashika mkono hawakwambii tena kitu, na alihitaji kauli yake imtoe Dada bila doa. Alirudi kituoni, akaliacha jambo hilo hadi kesho.

Ijumaa alasiri, mvua ikinyesha na sebule ikiwa na giza la mawingu, aliwakalisha Mhasibu, mkewe na fundi. Mzee alikuwa kitini kwake. Bakuli lilikuwa jingine, uji ukawa ule ule, haujaguswa. Fundi alitaka kuanza kubadilisha manenosiri.

"Usiguse kitu bado," alisema Sajini. "Acha nyumba ilivyo, ina masikio. Niwaeleze nilichokiona. Aliyeingia hakuwa Dada. Simu mliyodai aliitumia ilikufa zamani, uzi wake si uzi wa mto, na ninyi wenyewe mlimnyima mlango. Mlango huu ulimwamini marehemu, aliye hai ukamkataa."

Mhasibu alikunja uso, lakini hakubisha.

"Aliyeingia alijua bangili ziko kwenye mto, na alijua ni lazima azichukue Jumanne. Jumatatu jioni mlizungumza nini hapa?"

Mume na mke walitazamana. "Kwamba Jumatano tuzipeleke kwa sonara," alisema Mama Bi Harusi kwa sauti ndogo. "Aziyeyushe, amtengenezee binti yangu seti ya kisasa ya harusi."

"Aliwasikia. Kamera hii ina sikio. Lakini mwizi huchungulia milango na makabati. Huyu, kwa miezi, alikuwa anageuza kamera wakati wa chakula kuona kama Mzee amekula. Jioni alimwashia taa. Jumanne, akiwa na haraka ya kuiba, alisimama kumfunika shuka. Mzee alisema amemwona mkewe. Mzee hakuwa anaweweseka. Aliona uso unaofanana na wa mkewe kuliko uso wowote duniani. Na aliyeshona mto aliupitisha uzi kwenye nta kwanza, kama washonaji wanavyofanya."

"Mama Mdogo," alisema Mhasibu, pumzi ikimtoka.

"Jana nilimwambia bangili zimepotea. Basi. Sikumwambia kwamba mtu amekamatwa, wala ninyi hamzungumzi naye. Akaniuliza nani anamlisha Mzee sasa. Alijuaje kwamba aliyekuwa anamlisha hayupo?"

Sajini alinyanyuka, akaenda kusimama mbele ya kabati. Aliongea na ile kamera kama anavyoongea na mtu aliyekaa mbele yake.

"Mama, najua uko hapo. Mzee hajala vizuri tangu Jumanne. Na kuna binti amelala sakafuni siku zote hizi kwa ajili yako. Sitakuja kukuchukua. Njoo mwenyewe."

Walisubiri. Mvua ilipiga bati la kibaraza. Fundi alianza kusema labda hayupo, na hapo taa ya karibu na kiti cha Mzee ikawaka. Mama Bi Harusi alijiziba mdomo. Mzee alitabasamu kwa ule upande wake mmoja.

Haukupita muda mrefu, simu ya Mhasibu ikatetemeka mkononi. Alisoma kwa sauti: "Mama amefungua mlango."

Aliingia amelowa, kibunda cha kitambaa kifuani. Alikiweka mezani, kikalia kile kimlio cha dhahabu. Mzee alinyoosha mkono wake usiolegea.

"Mke wangu," alisema, "umechelewa leo."

"Shemeji, ni mimi," alisema Mama Mdogo, akapiga magoti kando ya kiti.

Kisha akasema yote. Marehemu dada yake ndiye aliyempa akaunti ile siku za ugonjwa, akaiweka kwenye simu yake ili asisumbuke na mlango. Baada ya arobaini, alipoambiwa awaachie wenyewe, hakuifuta. Mwanzoni alifungua mara moja moja kusikia tu sauti za nyumba. Ikawa kila siku.

"Bangili ni za mama yetu. Dada yangu aliniomba zisije zikayeyushwa. Ningekuja kuomba, lakini niombe kwa mlango gani? Sikuziuza. Nisingeziuza."

"Ungesema tu, Mama Mdogo," alisema Mhasibu. "Tungekusikiliza."

"Mngenisikiliza?"

Mhasibu alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa analia waziwazi, na aliona haya kulia.

"Ya bangili mtayamaliza wenyewe," alisema Sajini. "Mimi nauliza la Dada. Konstebo alipomchukua, ulikuwa unatazama?"

Mama Mdogo aliinamisha kichwa. "Nilitazama. Alishikwa mkono hapo hapo uliposimama. Alikuwa anawaambia chakula cha Mzee kiko jikoni, kisipoe. Nikasema moyoni, nitakwenda niseme. Nikazima simu. Kesho yake nikasema nitakwenda. Ikawa kesho." Alifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Kuchukua bangili sijutii sana. Hilo la binti nalijutia hadi kaburini."

"Kila mtu humu ana kesho yake," alisema Sajini. "Dada ndiye aliyezilala zote."

Jioni ile Mama Mdogo aliandikisha kauli yake kituoni, na Dada akatolewa. Walikutana kwenye korido nyembamba. Mama Mdogo alisema, "Mwanangu, nisamehe." Dada alisema, "Nimesikia, mama," akampisha apite. Sajini alitamani angesikia zaidi ya hapo, lakini msamaha si kauli ya polisi, haulazimishwi.

Alimpeleka binti nyumbani kuchukua vitu vyake. Fundi alikuwa amemaliza. Kisanduku kilikuwa na nenosiri jipya, kamera imetengwa na mlango, na jina la Mama halikuwepo tena. Safari hii simu ilipouliza kama ana uhakika, Mhasibu alifumba macho akabonyeza. Bangili zilikuwa bado mezani kwenye kitambaa chake. Hakuna aliyekuwa na hamu ya kuzinyanyua.

"Nimekuweka kwenye mlango," Mhasibu alimwambia Dada, akimwonyesha simu kwa mikono miwili kama mtu anayetoa zawadi. "Jina lako, hapa. Utafungua mwenyewe wakati wowote. Na nimekosa. Nakuomba urudi."

Dada alilitazama jina lake. "Ahsante, bosi. Lingekuwepo hapo tangu mwanzo, nisingelala kule. Lakini mtaa mzima ulinitazama nikipandishwa gari. Siwezi kupita pale kila asubuhi na mfuko wa soko."

"Tutawaeleza watu."

"Waelezeni," alisema, si kwa ubaya.

Alikwenda jikoni, akapasha uji, akarudi kukaa karibu na Mzee. Alimlisha kijiko kwa kijiko, akimsubiri, na bakuli likaisha. Sebule ilikuwa imeingia giza. Mzee aliangalia ile taa, kisha akaangalia kamera.

"Leo haji kuwasha?" aliuliza.

Mhasibu alikimbilia simu, akapapasa, akasahau nenosiri jipya. Dada akamwambia aache. Alipitisha mkono nyuma ya kochi, taa ikawaka.

"Swichi iko huku," alimwonyesha. "Anapenda iwashwe kabla ya adhana ya magharibi. Mnaweza kuiwasha kwa mkono."

Akachukua mkoba wake, akamuaga Mzee, akatoka. Kwa ndani mlango haudai kitu. Kitasa kilijifunga chenyewe nyuma yake, na Sajini, aliyebaki kibarazani akitafuta funguo za gari, alimwona Mhasibu kupitia dirishani, ameinama nyuma ya kochi, akijifunza ilipo swichi.